Vita vya Kagera: lini watu wa kwenu waliacha kushangilia? Tupeane uzoefu

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Juzi nilikuwa kijijini, nje kidogo ya Mafinga, namsaidia bibi kupukuchua mahindi. Nikatumwa gunia ndani, nikakutana na sanduku la bati. Humo mna kipande cha sabuni ya mche, kikavu kama jiwe, kimeviringishwa kwenye kaniki. Nikacheka. Bibi hakucheka.

Akanihadithia. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunavyo, kijiji kizima kilitoa mahindi bila kusukumwa. Aliyekuwa na debe moja alitoa nusu. Malori ya askari yakipita barabara kuu, akina mama wanapiga vigelegele hadi sauti zinakauka. Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, ulanzi, ile pombe ya mianzi, kilabuni ulinywewa bure siku mbili (msimu wenyewe ndio ule, mnaoujua mnajua).

Halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Bibi akachukua mche wake mmoja akaukata vipande 18, vyembamba kama biskuti, kimoja kila mwezi kwa nguo za kanisani tu. Za shamba alifulia maji ya majivu. Vipande vikaisha, mikanda haikufunguliwa. Mche uliofuata alioupata hakuthubutu kuumaliza. Ndicho kile kipande.

Mpaka leo anasema Amin alistahili kipigo, kwa hiyo siulizi nani aliipinga vita. Nauliza ile siku mtu wa kwenu aliposikia neno "vita" akageuza uso.

Mtoto wa Vwawa: Mkuu umenigusa. Baba alikuwa na Bedford la kubebea kahawa. Mwishoni mwa 1978 likahitajika kwenda Kagera. Ufunguo alitoa mwenyewe, na mbuzi akamchinjia dereva aliyekuja kulichukua. Likarudi mwaka uliofuata likivutwa na lori jingine, giaboksi imekufa, spea hakuna nchi nzima. Baba hakusema neno. Ila siku walipopita tena watu wa michango, aliwapeleka uani akawaonyesha: lori juu ya mawe, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. "Mchango wangu ule pale." Wakaaga.

Binti Kasumulu: Sisi wa mpakani tulichoka mapema kuliko nyie wa Iringa. Ukienda duka la ushirika, sukari hakuna, vita. Chumvi, vita. Kiberiti, vita. Mwaka 1982 marehemu mama akamuuliza muuza duka, "Mwanangu, tunapigana na nani sasa hivi?" Yule kijana akainama. Watu wakawa wanavuka Malawi usiku kufuata sabuni na sukari. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza 1983, mama alimwaga kilo kumi za sukari Mto Songwe, anamwaga huku analia. Sukari ya chai jamani, wala hakuwa mfanyabiashara.

Mwalimu Mstaafu: Msiibebeshe vita mzigo wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa na mpaka wa Kenya kufungwa tangu 1977. Mafuta yakapanda bei 1979, vita vikiwa havijaisha. Tatizo ni kwamba vita ndiyo sababu pekee mwananchi aliyoelezwa akaielewa, basi ikageuka jibu la kila kitu. Na jeshi letu lilibaki Uganda hadi 1981. Mie nilikuwa nafundisha Rungwe wakati huo. Mwanzoni walimu wote tulijazana kwenye redio moja saa mbili usiku. Kufika 1980 taarifa ya habari ikianza watu wanaendelea na bao.

Kijana wa Uyole: Kwa umri wangu najua ya Kongo tu. 2013 wanajeshi wetu walipoenda kupambana na waasi wa M23, kijiweni kwetu kila mtu jenerali. Desemba 2017 walipouawa wasiopungua 14 kule Kivu Kaskazini, tuliomboleza kama siku tatu hivi, tukarudi kwenye mpira. Hata sabuni haikupungua dukani. Sijui kama huko ni kuchoka au hatukuwahi kuwemo.

Mgambo Kihesa: Vijana marahaba. Nilikwenda, nimerudi, mguu mmoja haukunji. Nilishuka stendi ya Iringa mwaka 1979, nimebebwa juujuu, na kondakta wa basi tangu Dodoma alikataa kabisa nauli yangu. Rafiki yangu tuliyeondoka naye alibakishwa Uganda, akarejea 1981 kwa njia ileile, na magwanda yaleyale. Kondakta akamsimamia kichwani: "Mzee, nauli." Akafikiri anataniwa. Basi zima linatazama nje dirishani.

Akatoa noti. Chenji hakurudishiwa.