Mjadala: Nyumba za Ng'ambo ya Unguja nazo zilindwe kama za Mji Mkongwe, au ziachwe zivunjwe?

Mtoto wa Mwembetanga (ameanzisha mada)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Juzi nimepita Mwembetanga, mtaa wetu wa huku Ng'ambo, nikakuta ile nyumba ya kona, yenye baraza refu walilokuwa wakichezea bao wazee wetu, imevunjwa mpaka msingi. Watu wanapita wanaruka kifusi, basi. Ingekuwa upande wa pili wa barabara ya Darajani, hata dirisha lisingeguswa bila kibali.

Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985, na mwaka 2000 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sisi wa huku ni "eneo la jirani". Lakini hii miji ilikuwa mmoja. Kilichoigawa ni mkono wa bahari tu, na ulipofukiwa likabaki jina la Darajani pasipo na daraja, na sisi tukabaki Ng'ambo pasipo na maji ya kuvuka. Walioyajenga yale majumba ya mawe, waliobeba boriti, waliopika, waliovua, walikuwa wakirudi kulala huku. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipotoka Fumba alifikia mtaa gani? Ule mgomo wa kodi ya viwanja wa 1928, watu walipokataa kuwalipa wenye ardhi, ulifanyika wapi? Na redio ya Raha Leo, iliyotekwa siku ya Mapinduzi mwaka 1964, iko wapi? Yote ni Ng'ambo.

Rai yangu: ziorodheshwe nyumba, misikiti, visima na mabaraza ya huku, na chochote kilichomo katika orodha kisivunjwe bila kibali. Najua wapo watakaopinga. Karibuni, ila tusitukanane.

Paa Linavuja

Kaka, baraza ni zuri kwa mpita njia. Mie ndiye nnayelala ndani.

Masika yakiingia natandaza mabeseni sita. Choo tunatumia nyumba tatu. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa unaoingia mkono, nimeuziba kwa gazeti. Nawe unataka uje na karatasi uniambie nisivunje? Nitafutie kwanza mtu wa kukaa humu mwezi mmoja, kisha tuzungumze urithi. Kwahani nyumba zilivunjwa yakajengwa maghorofa, na mimi ningepewa fleti pale ningehama leo na mkeka wangu kichwani.

Fundi Chokaa

Mwanangu Paa Linavuja, huo ufa mimi nimeshauona bila kuja kwako. Nina miaka mingi katika kazi hii, niruhusuni niseme kidogo kuhusu kuta, maana humu kila mtu anasema "nyumba za udongo" kama kwamba ni kitu kimoja.

Huku kwetu kuna za fito na udongo, zile za kukandika. Kuna za mawe na udongo. Na kuna za mawe na chokaa, ambazo kwa ukuta hazina tofauti kubwa na za Mji Mkongwe, ila hazikupanda ghorofa. Zote tatu zinafanana kwa jambo moja: ukuta unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa nje kwa hewa na jua. Ndivyo ulivyoundwa. Kila baada ya misimu michache unapakwa chokaa upya, unaendelea.

Sasa mwenye nyumba akipata senti mbili anamwita kijana, anampigia plasta ya saruji nje na ndani ili ionekane ya kisasa. Maji yanapanda kama kawaida lakini hayana pa kutokea. Yanakaa mle ndani na chumvi yake, udongo ulioko kati unalainika, jiwe linameng'enyeka. Nje plasta imesimama safi, kama ganda la yai bovu. Siku ya mvua kubwa ganda linapasuka, watu wanasema "nyumba imechoka, ilikuwa ya udongo". Hapana. Nyumba ilizibwa pumzi.

Na paa ni hivyo hivyo. Nyumba hizi zilipimwa kwa makuti. Makuti yalipoadimika tukaweka bati juu ya kenchi zile zile, misumari ikashika kutu, tukagongelea bati juu ya bati. Mabeseni yako sita yanaanzia hapo, hayaanzii kwa babu aliyejenga.

Ila nisiseme kama chokaa ni bure. Jiwe lichomwe kwenye tanuu, na kuni zenyewe siku hizi ni kesi. Kisha chokaa ilale shimoni na maji wiki kadhaa kabla ya kutumika. Saruji unanunua asubuhi, jioni umemaliza. Mafundi wa chokaa tuliobaki tunahesabika, na vijana hawataki kazi ya kungoja.

Mpangaji wa Treni

Nakaa Michenzani, katika yale majumba marefu mnayoyaita treni. Nina swali kwa mwanzisha mada: urithi wako unaishia mwaka gani?

Maana majumba haya yalijengwa juu ya Ng'ambo. Mpango wa mji uliochorwa 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki ulitaka mitaa ya zamani iondoke kabisa, zije barabara pana na maghorofa. Nyumba zikavunjwa, watu wakafanya kazi za kujitolea, mzee Karume akauawa 1972 kabla hayajesha. Kama mambo yangekwenda kama yalivyochorwa, hiyo Mwembetanga yako usingeikuta. Yalikwama kwa sababu fedha ilikwama.

Basi kwa walioshuhudia, nyumba yetu ni jeraha au ni fahari? Bibi yangu alilia nyumba yake ilipovunjwa. Mama yangu, mtoto wake huyo huyo, alifurahi mpaka leo anasimulia: bomba ndani, choo ndani, umeme, na hakulipa kitu. Wote wawili walikuwa wakweli. Sasa majumba yamepita miaka hamsini, maji ghorofa za juu hayafiki kwa utulivu, saruji inamomonyoka, na wapo wanaosema yavunjwe yajengwe mapya. Nikisema nayo ni historia ya Ng'ambo, mtaniunga mkono? Au historia kwenu ni chokaa tu?

Mtoto wa Mwembetanga

Umenibana. Kwa kweli sikuwa nimeyafikiria Michenzani. Nilikuwa nayaona ndiyo adui. Lakini siwezi kusema Mapinduzi yametangazwa Raha Leo kwa hiyo Raha Leo ilindwe, kisha nikasema walichokijenga wenye Mapinduzi wenyewe hakimo. Nimeyaongeza.

Mrithi wa Kumi na Moja

Sie tuna nyumba Mji Mkongwe, upande "wenye bahati". Warithi kumi na mmoja. Tukitaka kubadilisha dari tunatakiwa boriti, mbao ya namna fulani, dirisha la namna fulani, rangi ya namna fulani. Maombi yetu yalikaa katika ofisi moja miezi minane, mvua haikungoja. Mwisho tumemkodisha mtu wa hoteli. Yeye ana fedha za kutimiza masharti. Nyumba ni nzuri kuliko ilivyokuwa enzi za babu, na hakuna hata mmoja wetu anayelala ndani.

Kwa hiyo mwenzangu ukiomba orodha, ujue unachokiomba. Na orodha haishiki ukuta. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilikuwa na kila sifa: ya 1883, ya Sultani Barghash, imo katika Urithi wa Dunia, kila mtalii kaipiga picha. Tarehe 25 Disemba 2020 ikaporomoka upande wa mbele, wakafa watu wawili. Kama ile imeanguka, nyumba ya Paa Linavuja nani ataikimbilia?

Mkaazi wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Mji wetu wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Nawapa tajriba moja tu: walioandika sheria waliangalia uso wa nyumba. Mlango wa nakshi, roshani, dirisha. Basi wajanja wakaacha uso wakala mgongo. Mbele unaona roshani ya mbao, ukizunguka nyuma ni ghorofa la matofali limepanda mpaka linamfungia jirani hewa. Mkiandika yenu, andikeni na nyuma.

Bi Uani

Mgeni wetu wa Mvita kanifungulia mlango, maana nilikuwa nasoma kimya nikicheka. Wanaume mnajadili baraza tangu asubuhi. Baraza ni la kwenu.

Nyumba ya Ng'ambo ninayoijua mimi inaanzia nyuma. Ukiingia kuna ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kisha unatokea uani. Uani ndiko kwenye kisima, jiko, kamba ya nguo, mtoto anayekogeshwa, na mlango mdogo wa kuingilia uani kwa jirani. Mimi nikiwa mwari nilikuwa natoka kwetu hadi kwa shangazi yangu, nyumba ya nne, bila kukanyaga njia na bila kuvaa buibui. Harusi zote zimepikwa humo. Taarab tumejifunza humo, kwa kusikiliza wakubwa. Akiumwa mtu usiku, jirani anajua kabla hujapiga hodi.

Wenye fleti wamepata bomba, sawa, mimi simwombei mtu shida ya kisima. Lakini muulizeni Mpangaji wa Treni: wanaume walipohamia Michenzani waliteremka chini wakajitengenezea maskani, wakaendelea na kahawa yao. Wanawake walipewa nini badala ya uani? Ngazi.

Kama mtaorodhesha, ile milango midogo ya uani ndiyo ya kwanza. Ndiyo inayozibwa mwanzo kila nyumba inapouzwa. Na haigharimu hata pishi ya chokaa kuiacha wazi.

Mpangaji wa Treni

Bi Uani, sina la kujibu. Ngazi ndiyo hiyo, na taa haina.

Mtoto wa Mwembetanga

Bi mkubwa, nakushukuru. Nakumbuka wale vijana wa Ng'ambo Tuitakayo, mradi wa watu wa mipango miji pamoja na wenzao wa Uholanzi, walipozunguka mitaani kuuliza watu sehemu gani zina maana kwao. Nilidhani watu watataja majengo. Wengi walitaja sehemu: pale panapouzwa urojo, pale wanapokaa wazee, mti fulani. Labda nami nimeanza vibaya kwa kusema "nyumba".

Basi napunguza dai. Sitaki sheria ya Mji Mkongwe ivushwe barabara kama ilivyo, itatufukuza kama ilivyowafukuza akina Mrithi. Nataka mambo mawili. Vichochoro, nyua na mabaraza visizibwe, hata mtu akijenga upya kwa matofali. Na mwenye nyumba anayetaka kutengeneza badala ya kuvunja apate fundi na chokaa kwa bei anayoiweza, serikali au wakfu ubebe nusu. Asiyetaka, avunje. Hilo la mwisho linaniuma kuliandika.

Paa Linavuja

Hapo angalau unaongea na mimi. Ila "serikali ibebe nusu" nimeisikia toka nina meno ya utoto. Nitaamini nikiona gari la chokaa mlangoni. Mpaka hapo, msimamo wangu ni fleti.

Fundi Chokaa

Gari sina, nina baiskeli. Nitumie mahali unapokaa, nije nilione hilo paa kabla ya masika. Kuangalia hakulipiwi. Plasta ya nje usiiguse mpaka nifike, huenda ndiyo inayoshikilia ganda.

Nyumba ya Kona

Wanajamvi, nimetumiwa mjadala huu na binamu yangu. Hiyo nyumba iliyovunjwa ni yetu.

Hatukuivunja kwa kuwa hatuna haya na wazee wetu. Bibi alifariki, ndugu tuko watano, na ukuta wa upande wa njia ulikuwa umeinama. Tulimwita sheha, mkuu wa mtaa, akauona, akasema ukimwangukia mtoto wa skuli mtajibu nini. Na nimemsoma Fundi hapo juu nikaishiwa nguvu, kwa sababu ukuta huo tuliupiga saruji sisi wenyewe, miaka saba iliyopita, kumfurahisha bibi kwa Iddi.

Msingi mpya haujamwagwa. Ramani tuliyochorewa ina maduka mawili mbele na baraza halimo, kwa sababu duka lina kodi na baraza halina. Dada yangu mkubwa tangu jana amekataa kutia saini mpaka liwemo. Mimi nasema mita moja ya baraza ni mita moja ya duka. Bado tunabishana. Mlango wa uani kwa jirani hatukuwa tumeufikiria kabisa. Leo usiku nitamuuliza dada.