Supu ya vitunguu ya Kifaransa kwa jiko la mkaa: vitunguu vinaungua kabla ya kuiva, kosa liko wapi?

Mpishi wa Iyunga (mleta uzi)

Wakuu, habari za baridi. Naomba msaada kwa wanaoifahamu supu ya vitunguu ya Kifaransa, ile ya kahawia inayowekewa mkate na jibini juu.

Nipo Mbeya mjini. Nina jiko la mkaa, jiko la gesi la plate mbili na sufuria za alumini za kawaida. Oveni sina. Vitunguu ni vyekundu vya Mwanjelwa, kilo 1. Maelekezo niliyonayo yanasema kaanga dakika 20 mpaka viwe kahawia. Matokeo yake kingo zinakuwa nyeusi, katikati bado vyeupe, na supu inatoka chungu na ya kijivu. Jaribio la pili niliongeza sukari vijiko viwili, ikawa kama chai ya msibani.

Je, kosa ni moto, sufuria, au ni huu mwinuko wetu? Jibini gani inafaa kwa zinazopatikana huku? Na kama kuna supu nyingine nzito za msimu huu wekeni pia, ila vipimo tafadhali, siyo "weka kiasi".

---

Moto Mdogo

Hizo dakika 20 ndizo zilizokuponza mkuu. Kitunguu ni maji karibu asilimia 89. Maji hayo yasipoondoka, vitunguu haviwezi kupita joto la maji yanayochemka, na rangi ya kahawia haiji kwenye joto hilo kwa muda mfupi. Ukikaza moto, kinachogusa chini kinakauka na kuungua huku cha juu bado kinaogelea. Ndizo hizo kingo nyeusi na matumbo meupe.

Tenga saa moja hadi saa moja na robo kwa vitunguu peke yake. Kwa watu wanne chukua kilo 1 na nusu, maana vikimaliza vinabaki bakuli moja tu. Pima kwa mzani, mambo ya fungu na sado yatakuchanganya.

Kata kwa kufuata mistari ya kitunguu, kutoka shina kwenda mzizi, unene wa milimita 4 hivi. Ukikata pete vinayeyuka na kupotea. Siagi gramu 50 na mafuta vijiko vikubwa 2, vitunguu vyote ndani, chumvi kijiko 1 cha chai hapo hapo ili vitoe maji. Funika dakika 15, moto wa wastani. Funua.

Sasa tumia masikio. Mwanzoni utasikia mlio wa kuchemka, mzito. Maji yakiisha mlio unageuka kuwa mkavu, wa kukaanga. Hapo ndipo unashusha moto na kugeuza kila baada ya dakika 3 hadi 5. Chini kutaanza kushika ukoko wa kahawia. Usiogope, huo ndio supu yenyewe. Mwaga maji vijiko vikubwa 2, kwangua kwa mwiko wa mbao, ukoko uyeyuke urudi kwenye vitunguu. Rudia mara 4 hadi 6, kila safari rangi inazidi kuingia. Simama vikifika rangi ya sukari guru na vikashikana kama rojo.

Ukoko ukiwa mweusi usikwangue hata kidogo. Hamishia vitunguu vya juu kwenye sufuria safi, kile cha chini kiache kiende na maji ya kuoshea. Uchungu ukishaingia hakuna sukari inayoutoa.

---

Mama Chapati

Moto Mdogo kamaliza kwenye vitunguu, mimi naongezea sufuria na moto, maana hilo la mkaa linasumbua wengi.

Sufuria nyembamba ya alumini ina joto kali pale mkaa ulipo na baridi pale usipokuwepo. Weka kikaango kizito cha chapati juu ya jiko, kisha sufuria juu ya kikaango. Joto linasambaa sawasawa. Mkaa ukishashika wote, funga mlango wa jiko na umwagie majivu kiganja kimoja au viwili juu. Ukipeleka kiganja chako juu ya sufuria tupu, kimo cha shibiri moja, uweze kuhesabu mpaka saba bila kukitoa. Ukiishia tatu, moto bado mkali.

Kwa gesi washa plate ndogo, mwali uwe mdogo kabisa, kikaango chini vilevile.

Halafu hiyo siagi, hakikisha ni siagi ya maziwa. Ile ya kopo ya kupaka mkate ambayo wengi tunaiita siagi ni majarini. Inafanya kazi, ila ladha ya supu hii nusu yake inatoka kwenye siagi.

---

Mnyalukolo

Kamwene. Mimi nadhani ni mwinuko. Huku juu kila kitu kinachelewa kuiva, maharage ni shahidi. Tia magadi kidogo kama kwenye makande, vitunguu vinalainika na kuwa kahawia upesi.

---

Moto Mdogo

Mnyalukolo, hapo nakupinga kwa heshima, kwa mambo mawili.

Mwinuko unashusha joto la maji kuchemka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Njombe ni karibu 93. Kwa hiyo maharage, mifupa na nyama ngumu vinachelewa kweli. Lakini kitunguu kilichokwisha kukauka kinakaangwa kwenye mafuta, na mafuta hayajui kama yapo Uyole huku juu au Tanga pwani. Kingo zake zimeungua kwa sababu ya moto mkali, basi.

Magadi kweli yanaharakisha rangi, lakini vitunguu vyetu ni vyekundu. Ile rangi yao ikikutana na magadi inageuka bluu kuelekea kijani, na vitunguu vinakuwa uji. Kwenye kitunguu cheupe au cha njano ukiweka ncha ya kisu hutaona ubaya sana. Kwa cha kwetu acha kabisa.

Na hapo ndipo jibu la ule ukijivu. Kitunguu chekundu kisichokolea kinatoa supu ya kijivu. Kikikolea vizuri kahawia inaufunika. Kikibaki na ukijivu kidogo, siki kijiko kikubwa 1 inarudisha wekundu. Chagua pia vilivyokauka shingo. Kitunguu cha shingo mbichi, kile cha kuvunwa juzi, kina maji mengi na kitakuongezea robo saa nzima.

---

Mnyalukolo

Sawa, la magadi nimelipokea. La mifupa nalo basi lielezwe, maana supu bila supu ni nini.

---

Mifupa Kilo Mbili

Hilo niachieni.

Mifupa ya ng'ombe kilo 2, nusu iwe ya magoti (ndiyo yenye kunata), nusu yenye nyama nyama. Mwambie mwenye bucha aipasue. Ikaange kwenye sufuria kavu au juu ya mkaa mpaka iwe kahawia pande zote, dakika 20 hadi 30. Bila hatua hii utapata supu nyeupe ya asubuhi, nzuri kwa chapati, lakini si ya kazi hii. Kisha lita 4 za maji baridi, karoti 2, kitunguu 1 na ganda lake (ganda linatia rangi), punje 10 za pilipili manga. CHUMVI USIWEKE.

Ikikaribia kuchemka engua povu, kisha shusha moto mpaka viputo viwe vinapanda kimoja kimoja. Ukiiacha ichemke kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani na supu inakuwa ya maziwa maziwa. Kwa mwinuko huu hesabu saa 7 hadi 8. Presha kuka inamaliza kazi hiyo kwa saa 2, kwa kuwa ndani yake joto linapita nyuzi 110 hata ukiwa Makete. Chuja, acha ipoe, toa mafuta yaliyoganda juu. Ikipoa kabisa itetemeke kidogo kama jeli. Isipotetemeka, mifupa ilikuwa haba au maji yalizidi.

Vidonge vya supu? Vinatumika, kidonge 1 kwa lita 1 ya maji, lakini usitie chumvi nyingine mahali popote, hata kwenye vitunguu. Supu hii inachemka na kupungua, na jibini nayo ina chumvi. Wengi wanaharibu hapo.

Kuunganisha: vitunguu vikishakuwa sukari guru, nyunyizia unga wa ngano kijiko kikubwa 1, geuza dakika 2 ubichi uishe. Mwaga mvinyo mkavu mililita 150, uache ukauke karibu wote. Mvinyo wa Dodoma unafaa, mradi usiwe ule mtamu. Asiyetumia pombe aweke maji nusu kikombe na siki vijiko vikubwa 2. Ulanzi usijaribu, uchachu wake unakwenda kwingine kabisa. Kisha supu ya mifupa lita 1 na nusu, thaimu kavu nusu kijiko cha chai, moto mdogo dakika 30. Chumvi onja mwisho.

---

Dada wa Jibini

Wafaransa wanatumia Gruyère, jibini ngumu ya Uswisi. Kuipata huku ni kazi, na bei yake usiulize. Unachohitaji ni jibini inayoyeyuka na yenye ladha yake. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini, na aina zake zilizokomaa kidogo zinafaa vizuri. Gouda inafaa. Mozzarella peke yake inavutika tu, ladha haina, changanya nusu kwa nusu na iliyokomaa. Zile za pembetatu za kupaka achana nazo. Gramu 150 hadi 200 kwa watu wanne, iliyokunwa.

Mkate: usinunue wa slesi laini, utageuka uji ndani ya dakika. Tafuta boflo au mkate wa bekari ambao haujakatwa, wa jana, kata vipande vya sentimita 2 na uvikaushe kwenye kikaango kikavu mpaka vigonge kama kuni. Kukausha ndiko kunakoufanya uelee.

Bila oveni fanya hivi. Panga vipande kwenye kikaango, jibini juu, funika na mfuniko bapa wa sufuria, kisha palia mkaa unaowaka juu ya mfuniko kama unavyopalia wali au mkate wa kumimina. Chini moto uwe mdogo sana. Dakika 4 au 5 jibini inayeyuka na kupata madoa ya kahawia. Mimina supu ya moto kwenye mabakuli, weka mkate juu uelee, peleka mezani hapo hapo. Mabakuli ya udongo au kauri usiyaweke kwenye mkaa, yanapasuka.

---

Mpishi wa Iyunga

Nimewasoma wote, asanteni sana. Nimeelewa dakika 20 ilikuwa uongo wa karne. Swali dogo: je, naweza kukaanga vitunguu leo na kuunganisha supu kesho? Na zile supu nyingine hamjazigusa.

---

Moto Mdogo

Unaweza, tena ni vizuri. Vitunguu vilivyokolea vinakaa kwenye friji siku 4, kwenye friza miezi 3. Kaanga kilo 3 kwa mpigo, ila gawa sufuria mbili. Ukijaza sufuria moja hadi juu vinachemshana tu.

---

Mama Chapati

Supu nyingine: ya viazi na liki (leek, jamii ya kitunguu) ndiyo ya kuanzia kwa watu wa Mbeya, viazi tunavyo.

Liki 3, tumia nyeupe na kijani hafifu. Zipasue kwa urefu na uzioshe jani kwa jani, mchanga unajificha katikati. Siagi gramu 40, zilainishe dakika 10 moto mdogo zikiwa zimefunikwa, ZISIBADILIKE RANGI (hii ni kinyume kabisa cha ile ya vitunguu). Viazi gramu 600 vilivyokatwa vidogo, maji au supu ya kuku lita 1 na robo, dakika 25 hadi 30. Viazi viwe vinavunjika kwa kugusa.

Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanatia kwenye blenda na kuiacha izunguke mpaka wanaridhika. Wanga wa viazi ukipigwa sana unakuwa gundi, supu inavutika kama bamia. Ponda kwa mwiko au pitisha kwenye chujio la matundu makubwa. Ukilazimika kutumia blenda, izungushe sekunde chache tu, usiijaze zaidi ya nusu, na kifuniko kishikwe na kitambaa huku kitundu cha juu kikiwa wazi. Mvuke wa supu ya moto unarusha kifuniko na kukuunguza.

Maziwa mililita 250 yanaingia mwisho, moto ukiwa umeshushwa. Yasichemke tena, na usikamulie limao ndani, yatakatika.

---

Mifupa Kilo Mbili

Njegere mbichi nayo ni rahisi: gramu 500, kitunguu 1, supu lita 1, dakika 8 hadi 10 tu kisha saga. Zikizidi hapo zinapoteza ukijani. Kuku wa kienyeji anaanza na maji baridi lita 2 na nusu, tangawizi kidole kimoja, moto mdogo saa 2 na nusu hadi 3. Jogoo mzee ni zaidi.

---

Mnyalukolo

Kimoja cha usalama. Kwa baridi hii watu wanapika saa nane za supu na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa. Moshi hauonekani lakini hewa ya mkaa inaua. Jiko likae barazani, au mlango na dirisha viwe wazi muda wote.

---

Mpishi wa Iyunga

Nimekupata mkuu. Jumamosi naweka kikaango chini ya sufuria, kilo 1 na nusu, jiko barazani. Dada wa Jibini, hiyo ya Njombe ninunue nzima au wanakata?

---

Dada wa Jibini

Chukua kipande kwanza, usikimbilie nzima. Funga kwa karatasi halafu weka kwenye mfuko wa nailoni, ukiifunga nailoni peke yake inatoa jasho na kuota ukungu. Ikune ikiwa baridi kutoka kwenye friji, ikishapata joto la jikoni inashika kwenye kikunio.