Binti anaanza darasa la 9 Agosti, ofisi haitaki matokeo ya Form One

Mama Rehema, Texas kaskazini. Jumanne 14 Aprili

Salaam ndugu zangu, poleni na kazi. Binti yangu alifika Machi kutoka Morogoro, ana miaka 15. Form One alimaliza mwaka jana na Form Two alikuwa ameianza Januari. Leo nimetoka ofisi ya usajili ya wilaya yetu ya shule. Dada wa dirishani ameitazama ripoti, ina mhuri wa mkuu wa shule na kila kitu, akasema hakuna krediti hata moja hapo, yaani hakuna somo la kuhesabiwa kuelekea kumaliza sekondari. Mtoto amalizie darasa la 8 hizi wiki zilizobaki, Agosti aanze la 9. Kisha nimepewa karatasi ya masomo ya miaka minne: Aljebra 1, Biolojia, ESOL 1 (Kiingereza cha wageni), na chini nichague mchepuo mmoja kati ya mitano, wao wanauita "endorsement". Inatakiwa Ijumaa, na sahihi yangu.

Mtoto analia. Wenzake watakaa mtihani wa Form Four yeye akiwa la 11. FTNA, mtihani wa taifa wa Form Two, hana, maana ile hufanywa Novemba na yeye aliondoka kabla.

Naomba kujua mawili. Form One inaweza kuhesabiwa, hata Aljebra 1 tu? Na huu mchepuo, nikitia sahihi sasa, nikikosea ndiyo basi?

Baba Kelvin, Houston

Pole sana mama. Usitie sahihi kitu usichokielewa. Hizo karatasi za Morogoro zitume kwanza WES, ile kampuni ya kupima vyeti vya nje, wazipime, mimi nilifanya hivyo kwa diploma yangu na kila ofisi ikanyamaza. Na mchepuo uangalie vizuri, ukishaandikwa ndio huohuo mpaka mwisho.

Mama Zuhura, Dallas

Baba Kelvin, naomba usimtishe mama wa watu. WES ni ya vyeti vya chuo na mambo ya kazi, ni hela nyingi, na wilaya za shule hazikuambii uende huko. Kanuni ya Texas inaiagiza wilaya yenyewe itathmini rekodi za mwanafunzi aliyetoka nje ya nchi na kumpanga darasa linalomfaa bila kuchelewa. Mama Rehema, dirishani si mahali pa kumaliza jambo hilo. Omba miadi na kaunsela wa sekondari anayokwenda, kwa maandishi, na uiweke nakala ya barua.

Kuhusu mchepuo, mwanafunzi anaruhusiwa kubadili wakati wowote. Ilivyo tangu sheria ya 2013 ni hivi: msingi ni krediti 22, ukiongeza mchepuo zinakuwa 26. Baada ya mwaka wa pili mzazi anaweza hata kuandika kwamba mtoto amalize bila mchepuo, na HAPO ndipo watoto wetu wanapozama. Karatasi inakuja nyumbani, mtoto anasema "mama tia sahihi", mama katoka zamu ya usiku, anatia. Hajui ameukata mlango wa asilimia 10.

Kwa wageni wa Texas: tangu sheria ya 1997, anayemaliza kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia vyuo vikuu vya umma vya jimbo moja kwa moja. UT Austin wao wamebana, wanaoingia mwaka huu ni asilimia 5. Lakini sharti lake ni kumaliza kwa ngazi ile ya juu: hisabati nne, Aljebra 2 ikiwemo, sayansi nne, na mchepuo. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza shule nzima, bila Aljebra 2 hiyo nafasi haimhusu. Basi swali la kumuuliza kaunsela ni moja: "Kwa mpango huu, Aljebra 2 ataisoma mwaka gani?"

Mwl. Hamisi, Houston

Asante Mama Zuhura. Nimefundisha hesabu Tanga na sasa nafundisha watoto wetu jioni hapa, niseme juu ya Aljebra 1.

Basic Mathematics ya kwetu inachanganya vyote kitabu kimoja: aljebra kidogo, jiometri kidogo, namba, takwimu, na kila mwaka unapanda navyo kwa pamoja. Hapa wamevikata. Mwaka mmoja Aljebra 1, mwingine Jiometri, mwingine Aljebra 2. Kaunsela akiiona "Mathematics, Form One" hajui aiweke kapu gani. Hamchukii mtoto, hana tu pa kuiandika. Akianza Aljebra 1 la 9 bado ataifikia Aljebra 2 akiwa la 11, kwa hiyo ile asilimia 10 haijapotea. Anachokosa ni Kalkulasi la 12, na wanaotaka uinjinia wanaihitaji.

Kuna njia ya mtihani wa kupata krediti. Ambaye hajawahi kufundishwa somo anatakiwa apate 80, aliyekwisha kulisoma 70. Wilaya inautoa mara kadhaa kwa mwaka, ila hawautangazi kwenye mikutano ya wazazi. Mwulize.

Na ESOL 1 isikuumize roho. Kwa mwanafunzi mgeni inahesabiwa badala ya English 1. Ila kuna STAAR, mitihani ya jimbo ya mwisho wa somo, na kwa sasa ni mitano: English 1, English 2, Aljebra 1, Biolojia na Historia ya Marekani.

Dada Njeri, Minneapolis

Hamjambo. Huku kwetu mambo ni rahisi zaidi, mwambieni ajaribu PSEO. Mtoto wa la 11 na la 12 anasoma chuo kabisa na jimbo linalipa, tangu 1985. Kijana wangu alimaliza sekondari akiwa na karibu miaka miwili ya chuo mkononi.

Mama Zuhura, Dallas

Dada Njeri, hongera kwa kijana, lakini mama yuko Texas na karatasi ni ya Ijumaa. Hakuna PSEO hapa. Kuna krediti za chuo ukiwa sekondari, na tangu sheria ya 2023 watoto wanaostahili chakula cha bure hawalipi ada katika vyuo vilivyojiunga na mpango huo. Ndiyo maana ile fomu ya chakula ijazwe hata kama mtoto anabeba chakula chake. Tusichanganye majimbo, watu wanaharibikiwa.

Baba Espérance, Abilene

Mama Rehema, mimi ni mtu wa Fizi, Kongo, tumetoka kambi ya Nyarugusu. Mtoto wako ana ripoti yenye mhuri, mshukuru Mungu. Sisi tulifika na karatasi ya IOM tu, lile shirika la uhamiaji. Kijana wangu wameandika amezaliwa tarehe 1 Januari, kama sisi wote nyumbani, baba, mama na watoto, wote 1 Januari. Na mwaka wamemwongezea. Wakamtia darasa la 9 kwa umri wa karatasi. Akasoma, akapenda mpira, kocha akampenda. Alipofika la 12 wakasema basi, kanuni ya michezo inataka uwe chini ya miaka 19 tarehe 1 Septemba. Umri wake wa kweli ulikuwa unaruhusu kabisa. Huyo mtoto alikaa ndani, hakula.

Kwa hiyo wenye watoto wanaoanza, angalieni tarehe ya kuzaliwa SASA, kabla haijaingia kwenye rekodi za shule. Na mjue pia, akianguka somo moja chini ya 70, hachezi wiki tatu. Kanuni ya namna hiyo iko Texas tangu 1984. Mimi niliijua siku ya mechi.

Mtu asikwambie mtoto wa miaka 17 au 18 amechelewa shule. Aliye chini ya 21 tarehe 1 Septemba wanapaswa kumpokea.

Baba Kelvin, Houston

Nakubali kuhusu mchepuo. Lakini jamani tuongee ukweli, tatizo ni sisi kuwalea watoto kwa akili ya NECTA, ya mtihani wa taifa wa mwisho. Kwetu unaweza kuzembea Form One, Form Two, Form Three, halafu ukakaza miezi sita ya mwisho na cheti kikatoka kizuri. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyosoma. Hapa hakuna Form Four ya kukuokoa. Alama ya kwanza ya Agosti ya la 9 inaingia kwenye transkripti, rekodi ya alama, ileile ambayo chuo kitaisoma miaka minne baadaye. Mtoto akianza na GPA (wastani wa alama) ya 2.0 kati ya 4.0 huo mwaka wa kwanza, hata apate A tupu baadaye, wastani unamvuta chini. Nimeona watoto wa Kibongo wenye akili sana wakiachwa na wenzao kwa sababu mwaka wa kwanza walidhani ni wa kuzoea mazingira.

Mama Salma, Fort Worth

Baba Kelvin hapo umenigusa. Na mahudhurio pia. Mama yangu alipofariki Tanga niliondoka na watoto wote, ungewaachaje? Arobaini tukaifanya kulekule. Kurudi, binti yangu wa la 9 hana krediti za muhula ule, maana lazima awe amehudhuria asilimia 90 ya siku. Alama zake zilikuwa nzuri, hazikusaidia. Kuna kamati ya mahudhurio unaweza kuiomba, nasi tuliomba, akarudishiwa baadhi kwa kusoma Jumamosi. Lakini niliumia. Mtoto kumzika bibi yake aliyemlea ni jambo la kuandikiwa barua? Huku watu wanazikana kwa saa mbili wanarudi kazini. Sitaki wanangu wawe hivyo.

Mwl. Hamisi, Houston

Mungu amrehemu mama yako. Siku nyingine barua iende shuleni kabla ya safari, si baada.

Dada Njeri, Minneapolis

Mie nashangaa mnasifu sana NECTA na KCSE. Kenya tunaachana na hayo, watoto wa kwanza wa mtaala mpya, CBE, wameingia gredi ya 10 Januari hii na wamechagua mkondo kama hawa wa Texas. Tanzania mtaanza lini?

Mzee Mbwana, Maryland

Hakuna aliyesifu NECTA hapo juu, soma tena. Na Tanzania sera ya 2023 imeshafika shuleni, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi na darasa la saba linaondoka. Ila walimu watatoka wapi, na madarasa? Kenya gredi ya 10 mmeipeleka shule zisizo na maabara, tumewaona kwenye taarifa. Wanasiasa wetu wote watoto wao wako Uingereza.

Dada Njeri, Minneapolis

Mzee wangu heshima yako, lakini hilo la maabara si la Kenya peke yake.

Msimamizi

Siasa ziende kwenye uzi mwingine tafadhali. Mama Rehema bado yuko na karatasi yake.

Mama Rehema, Texas kaskazini. Alhamisi 16 Aprili

Asanteni mno, nimesoma yote kwa binti na amenyamaza kidogo kulia. Kaunsela amenipa miadi Jumatatu, na karatasi wamekubali nipeleke siku hiyo. Nimemwomba mkalimani, akauliza kwa nini binti asitafsiri. Nimesema hapana, mambo ya mtoto hayatafsiriwi na mtoto. Mchepuo tumechagua STEM, ule wa sayansi na hisabati, anataka uuguzi au maabara.

Lakini la Form One bado sijalipata. Kuna yeyote ambaye mtoto wake alihesabiwa krediti kwa ripoti ya shule tu, bila FTNA?

Mama Zuhura, Dallas

Wa kwangu alikuja na Form Four kamili, si sawa na wako. Ila Kiswahili chake alifanyia mtihani, akapata krediti mbili za lugha ya kigeni. Texas inazitaka mbili za lugha moja. Muulize kaunsela hilo pia Jumatatu, wilaya nyingine wanakubali.

Baba Espérance, Abilene

Beba na madaftari yake ya hesabu, yote. Kaunsela wetu alipoona daftari alimwita mwalimu wa hesabu palepale.

Mama Junior, Austin

Samahani naingilia, wa kwangu anaanza la 9 pia na muuguzi wa shule anadai tetekuwanga na homa ya ini A. Kadi ya kliniki ya Tanzania haina hizo. Anachomwa upya zote au zile zilizokosekana tu?

Mama Salma, Fort Worth

Zilizokosekana tu. Mlipofanyiwa vipimo vya viza daktari alijaza fomu ya chanjo, DS-3025. Itafute kwenye bahasha, huenda zimo.