Kisite: mbona hakuna anayeishi huko, na twende siku gani?

Mwalimu_Likoni

Salaam aleikum. Nina wanafunzi 30 wa Jiografia, tunatoka Mombasa kwenda kisiwa cha Kisite, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Nataka wauone mwamba ukiwa mkavu, wasije wakaonyeshwa maji matupu. Naomba wanaojua wanisaidie: kile kisiwa kilitokeaje? Mbona kisiwa jirani cha Wasini pana vijiji na Kisite hapana hata kibanda? Na ramani moja imeandika mbuga, nyingine hifadhi. Shule imetupa Februari, siku tutachagua wenyewe.

JabaliLaPwani

Waalaykum salaam Mwalimu. Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, na Wasini yenyewe, zote ni matumbawe yaliyokufa na kugeuka jiwe. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakajenga hadi karibu na uso wa maji ya wakati ule. Maji yaliposhuka, ule mwamba ukabaki nje. Ni jiwe lile lile la Fort Jesus.

Waeleze pia kwamba bahari haikushuka kidogo. Miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya leo kwa mita 120 hivi, na Kisite kilikuwa kilima tu cha bara. Ilipopanda tena ndipo kikawa kisiwa. Pemba haikuwahi kuunganishwa namna hiyo, kwa sababu mlango wake wa bahari una kina cha mamia ya mita.

Sasa suala la watu. Jibu ni maji. Jiwe la matumbawe lina matundu kila mahali, mvua ikinyesha haisimami juu wala haifanyi mto, inazama. Kwenye kisiwa kipana, maji matamu hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Kanuni yake ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake. Lakini kisiwa kikiwa chembamba kama Kisite, mvua huvuja ubavuni ikaingia baharini kabla ya kujilimbikiza, na mawimbi nayo yanasukuma chumvi kutoka kila upande. Ukichimba unapata maji ya bahari. Hata Wasini, ambacho ni kikubwa mara nyingi zaidi, visima vina chumvi, na tangu zamani watu wameishi kwa kukinga mvua kwenye birika. Huwezi kukinga mvua ya kutosha kijiji kizima juu ya kisiwa kisicho na miti wala nafasi ya mapaa. Mpunguti angalau zina msitu juu ya mwamba. Kisite ni kijiwe kitupu.

Zoezi la darasani kabla ya safari: okota kipande cha jiwe la ujenzi hapo hapo Likoni, kamulia ndimu au siki. Likitoa povu lina chokaa, ile ile inayojenga mifupa ya matumbawe. Jiwe la kutoka mbugani usiguse, na ukuta wa Fort Jesus pia uacheni salama.

bamvua_na_maji_mafu

Mwalimu, siku usiitafute kwenye kalenda ya ukutani, itafute kwa mwezi mwandamo. Kwetu bamvua kali, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kama tarehe 2 hadi 4 na 16 hadi 18 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hupwa mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua kubwa hukaribia mita 4. Tarehe 8 na 9, au 22 na 23, za mwezi huo ni maji mafu: tofauti ni kama mita 1, na kupwa kwenyewe kunaangukia alasiri, wakati mnataka kurudi. Ukienda siku hizo utawaonyesha kisiwa tu, mwamba wake umefunikwa.

Saa kamili chukua kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Shimoni, mtakapopandia chombo, hupishana nalo dakika chache tu.

Panga hivi. Muwe mmeshavuka Likoni saa kumi na moja alfajiri, Shimoni ni kama kilomita 75, pamoja na zile 15 za mwisho baada ya kuacha barabara ya Lunga Lunga. Saa mbili na nusu mko ndani ya chombo. Jahazi la mashine linakwenda kama saa moja, kwa hiyo mnafika maji yakiwa bado yanapwa. Mkichelewa gatini mpaka saa tano, safari imeharibika: mtafika maji yamegeuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mwamba mkavu wakadhani wana muda wa saa sita nzima. Maji hayapandi sawasawa. Gawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, hata huoni. Saa ya tatu ni sentimita 90, na mwamba ule ni bapa, unafunikwa wote kwa mara moja.

Februari ni kaskazi, maji ni maangavu, ila upepo huamka mchana. Kurudi Shimoni mnaelekea kaskazini, unawapiga mbele kuliani na watoto wanarowa. Ondokeni kabla ya saa nane. Na kama Ramadhani itaangukia humo, sogeza tarehe. Jua la baharini bila maji ya kunywa si la watoto.

Mwalimu_Likoni

Mungu awalipe. Hiyo ya mafungu 12 nimeshaiandika ubaoni. Bado mbuga na hifadhi. Kuna aliyeniambia yote ni mbuga moja, na uvuvi ni marufuku kote.

MkwiroHadiVanga

Aliyekwambia hivyo amechanganya. Eneo lilitangazwa 1973, wavuvi wakalalamika kwa sababu ni bahari yao ya riziki, na 1978 likatangazwa upya kwa mipaka mingine. Tangu hapo ni vitu viwili: Kisite ni mbuga, kilomita za mraba 28, huvui hata samaki mmoja. Mpunguti ni hifadhi, kilomita za mraba 11, na uvuvi wa asili unaruhusiwa, kama malema (mitego ya samaki) na mshipi. Juya (nyavu za kukokota) na bunduki za mishale hazimo, hizo zimepigwa marufuku nchini tangu 2001. Kwa hiyo ukiona mtumbwi karibu na Mpunguti usimwambie mwanafunzi "yule ni mwizi".

Kuhusu historia, Kisite peke yake haina magofu ya kuonyesha. Iunganishe na jirani zake. Wavumba wa Wasini asili ya utawala wao ni Vumba Kuu, mji wa kale karibu na Vanga, chini ya madiwani (watawala) wao. Kisha 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana nchi, na mstari wa mpaka wakauanzia mdomo wa mto Umba. Watu wa pwani moja wakajikuta pande mbili, na ndiyo maana kisiwa hiki kidogo kiko karibu sana na mpaka wa Tanzania. Shimoni ina mapango yake, yapitieni mkirudi kama muda upo.

JabaliLaPwani

Naongeza ndege, maana watoto watauliza. Buabua wa Kisite hutaga wakati wa kusi, kuanzia Julai hivi hadi Oktoba, kwa hiyo Februari hamtakuta viota. Mtakachoweza kuona ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Yeye hatagi kwetu, hutaga kaskazini huko Somalia na Uarabuni ndani ya mashimo ya mchanga, na huku huja kutafuta chakula maji yakipwa. Mkimkaribia wote 30 ataruka na kupoteza saa zake za kula, basi mtazameni kutoka chomboni.

bamvua_na_maji_mafu

Mambo matatu na nimemaliza. Ada za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, fanya siku moja kabla, mtandao wa Shimoni usiutegemee, na barua ya shule uipeleke mapema ili mhesabiwe kama wanafunzi. Kushuka juu ya kisiwa waulizeni askari wa mbuga siku hiyo hiyo, nahodha asiwaamulie. Na chombo kifungwe kwenye boya. Nahodha akitaka kutupa nanga juu ya matumbawe mkatazeni, nanga moja huvunja kilichomea miaka mingi.

Vipimo wachukulie gatini Shimoni, ndiko salama: futi kamba yenye kizito cha madini ya risasi mwishoni, ishusheni kutoka alama moja ya gati mpaka uso wa maji, muandike kabla ya kuondoka na kila dakika 15 mkirudi. Mawimbi yakiruka, someni mara tatu mchukue wastani. Maji yakiwa yamepwa chombo hukaa chini sana ya gati, kwa hiyo watoto washuke mmoja mmoja, na makoti ya kuokolea yavaliwe kabla ya kushuka.