Tupeane uzoefu: kioo cha kompyuta ya mezani yenye Linux kinacheza, kinatulia, kinarudia

Kibodi Kavu: Wakuu, kioo kimeanza tena. Ni kompyuta ya mezani, Linux ya Ubuntu 24.04. Kinapepesa, kinatulia hata saa nzima, kisha kinarudia ukiwa katikati ya kazi. Ukiita fundi kinatulia tuli. Mliopitia haya, mlipona vipi?

Fundi Chaki: Anza na kebo. Chomoa, futa vumbi, rudishia, kaza skrubu kama ni VGA. Kisha shusha Hz (mara ambazo kioo huchora picha upya kwa sekunde), kama ni 144 weka 60. Kikitulia, huenda kebo haimudu mzigo.

Nyuki: Nakazia. Kebo.

Pingu Huru: Weka i915.enable_psr=0 kwenye GRUB (programu inayowasha Linux), piga amri ya update-grub, washa upya. Laptopu yangu ilipona hapo hapo.

Fundi Chaki: Hiyo ni laptopu, mkuu. PSR, ile ya kioo kujichorea chenyewe picha isiyobadilika ili kuokoa umeme, inahusu vioo vya eDP vilivyojengwa ndani. Mwenzako ana monita ya kuchomeka. Unampoteza.

Pingu Huru: Nasema kilichonisaidia. Uzi unaitwa tupeane uzoefu au tupeane mitihani?

Mama Stesheni: Mmenikumbusha mbali. Nina stesheni, duka la kuchapa kazi, jirani na chuo, Morogoro. Msimu wa wanafunzi kukabidhi tafiti zao, foleni imefika barabarani, kioo kinazima ghafla sekunde moja mbili, kinawaka. Mwanafunzi mmoja alilia, akidhani kazi yake imefutika. Fundi wa kwanza akasema Linux ndiyo mbovu, akataka kuniwekea Windows. Nikakataa, kompyuta zangu ni za zamani na Linux ndiyo inayozibeba. Wa pili akabadilisha monita. Ikawa ile ile! Nimenunua stabilaiza, nimehama soketi, wapi. Aliyegundua ni binti yangu, kakaa pembeni anakunja karatasi: "Mama, kinazima kila ukiinuka kwenye kiti." Tukajaribu. Nainuka, kinazima. Kile kiti cha gesi cha kupanda na kushuka! Nikakaa kwenye kiti cha mbao, kimya mpaka jioni. Baadaye nikanunua kebo fupi, nene, nikarudi kwenye kiti changu. Hakijazima tena.

Nyuki: Kiti??

Pingu Huru: Mama, hapo kuna mkono wa mtu.

Fundi Chaki: Msimbishie mama. DisplayLink wenyewe, wenye teknolojia ya kuunganisha monita, wameliandika kwenye kurasa zao za msaada. Ukiinuka au ukikaa kwenye kiti cha gesi kunaweza kutokea mshtuko mdogo wa umeme hewani, kebo ya picha inaudaka, monita inapoteza mawimbi. Kebo yenye kinga nzuri ndiyo dawa.

Dada Lulu: Mimi nimesimama na kukaa hapa ofisini mpaka bosi kaniuliza kama naumwa. Changu hakichezi. Jamani tumrudie mwenye uzi! Kaka, ingia BIOS (ule ukurasa wa mipangilio kabla Linux haijawaka) uiache wazi muda mrefu. Ikicheza humo, Linux haihusiki, tafuta kwenye kebo, monita au umeme. Monita za zamani kapasita huvimba kwenye bodi ya umeme.

Nyuki: Au arekodi kioo. Kwenye video kisipocheza, ni monita.

Fundi Chaki: Si lazima. Rekodi huchukuliwa kabla picha haijatoka kwenye kadi ya picha, kwa hiyo draiva, programu inayoiendesha kadi, bado ni mtuhumiwa. Kibodi, acha amri ya journalctl -k -f (inaonyesha ujumbe wa kiini cha Linux) ikitembea, uone inaandika nini kioo kikicheza.

Kibodi Kavu: Asanteni. BIOS imetulia muda wote. Kebo nimebadilisha. Nimechunguza, kumbe hakichezi kioo chote, ni madirisha ya programu chache. Naingilia Wayland, ule mfumo mpya wa kuonyesha madirisha.

Fundi Chaki: Kadi ni Nvidia? Kama ndiyo, toka, chagua Xorg, mfumo wa zamani, pale pa kuingilia.

Pingu Huru: Xorg ya nini zama hizi? Pandisha draiva hadi 555 kwenda juu, imekuja na explicit sync, utaratibu wa kadi na madirisha kusubiriana.

Fundi Chaki: Draiva peke yake haitoshi. Inataka na XWayland 24.1 (daraja la programu za Xorg ndani ya Wayland), ambayo Ubuntu 24.04 haikutoka nayo. Xorg kwanza, afanye kazi. Mengine atayapata akipandisha toleo.

Kibodi Kavu: Nimeingia Xorg sasa hivi. Nitaleta mrejesho kesho usiku.

Nyuki: Na kiti ukikague.