Itongo la Rumonge baada ya vita: nianzie wapi?

Shikamoo shangazi, na salamu kwa wazee wote wa jumuiya yetu mlioko Dodoma. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Nkuhungu akiwa na uraia wa Tanzania, na hadi siku zake za mwisho alilitaja itongo, yaani shamba la ukoo, aliloliacha Rumonge, Burundi, mwaka 1972. Ndugu zangu wananituma nikalidai. Naomba kuelekezwa: je, haki hiyo bado ipo, na nianzie wapi?

* * *

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili liliwahi kuigawa familia yangu.

Haki ipo. Mkataba wa amani ya Burundi uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, katika usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kuendelezwa na Mzee Mandela, haukuhusu jeshi na viti vya Bunge tu. Itifaki yake ya nne inataka mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Ugumu ni kwamba vita iliyokuwa ikimalizwa ilianza 1993, alipouawa Rais Ndadaye, ilhali wazazi wetu walivuka Ziwa Tanganyika 1972. Bunduki ziliponyamaza, wengine walikuwa wamelima mashamba yetu kwa takriban miaka 30. Si wote waliovamia. Wapo waliopewa viwanja na Serikali ya wakati ule katika mradi wa michikichi, wakazaa na kuzika pale pale.

Sisi tulikwenda 2009. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa wachache waliochagua kurudi, wakati wengi wetu wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo hapa Tanzania tuliomba uraia wa tajinisi. Tulimkuta mzee mmoja aliyetoka upande wa milima ya Bururi, na kila mchikichi uliosimama pale alikuwa ameupanda kwa mkono wake. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ilikuwa bado inapendelea pande mbili zigawane, nasi tukagawana mbele ya Bashingantahe, yaani wazee wasuluhishi, wa kilima kile (kilima kwa Burundi ni kama kijiji): nusu yake, nusu yetu, mpaka ukifuata mfereji.

Mwaka 2011 Tume ilipata mwenyekiti mpya, msimamo ukageuka kuwa wa kumrudishia mkimbizi kila kitu, na baadhi ya mapatano ya zamani yakafunguliwa upya. Kaka akaitaka nusu ya pili. Mama, aliyevuka ziwa akinibeba mgongoni, alimwuliza yule mzee angeelekea wapi na wajukuu wake saba, na kaka hakuwa na jibu. Mimi na mama tulikataa kumuunga mkono, tukakaa miaka miwili bila kusalimiana naye. Hadi leo naamini tulifanya sawa, kwa sababu kumng'oa mtu aliyepewa ardhi na Serikali yake ni kumfanya naye mkimbizi, na nimewaona watu wa vilima vya jirani ambao chuki ilifufuka kati yao kwa njia hiyo hiyo. Nakusihi uwaambie ndugu zako hayo kabla hujanunua tiketi.

Kuhusu taratibu, Tume ilimaliza muda wake 2022, kwa hiyo anza na wazee wa kilima, na mahakama iwe hatua ya mwisho. Andika majina yote ya babu yako, majirani wa pande zote nne, mto, makaburi na mti wowote mkubwa uliokuwa mpakani. Linganisha jina lililo kwenye cheti cha uraia cha baba yako na lile alilojulikana nalo Rumonge. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, tafuta hati ya kiapo hapa Dodoma kwanza, maana sisi tulipoteza mwezi mzima kwa ajili hiyo. Usikubali kuchukua kitambulisho cha Burundi ili kurahisisha dai, kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Safiri kwa pasipoti yako, upitie Kigoma hadi Manyovu, uvuke mpaka Mugina, kisha ufuate barabara ya ziwa kupitia Nyanza-Lac. Ujue pia kwamba mipaka ya mikoa ya Burundi ilibadilishwa 2025, na Rumonge sasa imo katika mkoa wa Burunga.

Je, mzee aliacha karatasi yoyote ya kabla ya 1972?

* * *

Shangazi, asante sana. Jana usiku niliwasomea ndugu zangu ujumbe wako. Wawili wamekubali kugawana, na mkubwa wetu ameomba muda wa kufikiri. Tumefungua sanduku la baba na kukuta stakabadhi ya kodi ya 1971, imechakaa kwenye mikunjo lakini jina la kilima linasomeka. Jina la baba lina herufi moja isiyolingana na ya cheti. Nitakuletea zote mbili Jumapili, baada ya ibada.