Tupeane uzoefu: laptopu ya mtumba, betri inayodanganya na DVD inayokataa kucheza

Stima_Imepotea (mwanzilishi)
Wadau, hamjambo. Vyuo vikifunguliwa maswali huwa yaleyale. Laptopu imetoka Luthuli au Moi Avenue, mitaa ya maduka ya Nairobi, wiki ya pili inazimika ikiwa na asilimia 35, na DVD ya masomo iliyoletwa na shangazi kutoka ng'ambo inagoma. Tupeane uzoefu, ila hadithi ya mlivyozozana na muuzaji iacheni nyumbani. Leteni hatua, namba na sababu.

Naanza na hili: kuna hesabu mbili ambazo kuweka Windows upya hakuzigusi. Moja imo ndani ya betri, yaani mizunguko iliyokwisha kuchajiwa na uwezo uliobaki. Ya pili imo ndani ya draivu ya DVD, nayo ni mara zilizobaki za kubadilisha eneo, yaani sehemu ya dunia ambayo draivu inakubali diski zake. Zote zinasomeka hapo kaunta kabla hujatuma M-Pesa. Muuzaji akikuambia "tumeiformati, ni kama mpya", muitikie, kisha uzisome.

Bisibisi_Ngara
Ya betri inasomwa hivi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuonyesha ilipohifadhi faili iitwayo battery-report.html. Ifungue kwa kivinjari utafute mistari mitatu: "Design capacity" ni uwezo wa kiwandani, "Full charge capacity" ni uwezo wa leo, na "Cycle count" ni mizunguko.

Gawanya uwezo wa leo kwa ule wa kiwandani. Kiwandani 48,840 mWh (miliwati-saa, yaani 48.84 Wh) na leo 31,000 ni kama asilimia 63. Mimi naliweka hivi: zaidi ya 80 lipa bila kinyongo, kati ya 60 na 80 punguziwe bei, chini ya 60 hesabu bei ya betri mpya juu ya bei ya laptopu.

Mizunguko ikionyesha sifuri au kistari tu, hiyo si dalili ya upya. Betri nyingi haziripoti kabisa. Na ukiona uwezo wa leo unalingana na wa kiwandani mpaka tarakimu ya mwisho kwenye mashine ya miaka mingi, ujue betri imebadilishwa au chipu yake inasema uongo. Dawa ni kuipima. Ichaji hadi ijae, chomoa chaja, cheza video skrini nzima kwa dakika 15. Mashine ya kawaida hapo inavuta wati 12 hadi 15, kwa hiyo betri nzima ya 48 Wh itashuka asilimia 6 hadi 8. Ikishuka 20, mrudishie muuzaji mashine yake.

Njeri_wa_Umeme
Fundi kasema vizuri. Niongeze kwa nini betri inazeeka, maana wengi wanaangalia mizunguko peke yake.

Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, wastani wake ni 3.7, na ikikaribia 3.0 mashine inajizima kuilinda. Kinachoila ni joto na kukaa imejaa. Laptopu iliyochomekwa mchana na usiku kwa asilimia 100, juu ya blanketi, tundu za hewa zimezibwa, itachakaa hata kama mizunguko yake ni michache. Ndiyo maana mashine za ofisini kutoka Uingereza, zile wauzaji huita Ex-UK, zinaweza kuwa na mizunguko 90 na betri hoi. Zilikaa kwenye stima miaka.

Kwa hiyo weka kikomo cha kuchaji, ikome kwenye asilimia 80. Lenovo za IdeaPad fungua programu ya Vantage, washa "Conservation Mode". ThinkPad humohumo unaweza kuchagua ianze kuchaji kwa 75 na ikome kwa 80. Dell, bonyeza F2 inapowaka, nenda kwenye mipangilio ya betri, chagua "Primarily AC Use" au "Custom". HP za ofisini ni F10, tafuta "Battery Health Manager". ASUS iko ndani ya MyASUS. Mashine ikiwa kuukuu mno na haina kitu hiki, chomoa kwa mkono, ila usijitese kwa kuamka usiku.

Na ule ushauri wa kuichaji saa nane kabla ya kuiwasha mara ya kwanza ni wa betri za nikeli. Wauzaji bado wanautoa.

Kijana_Rongai
Dada Njeri, asilimia 80 ni raha ya Kilimani. Huku stima ikienda saa kumi na mbili jioni inarudi ikipenda.

Njeri_wa_Umeme
Kweli ndugu yangu. Kikomo si kiapo. Kenya Power hutangaza mapema maeneo watakayokata umeme kwa matengenezo, na siku hiyo ondoa kikomo uijaze. Kujaa kwa siku moja hakuiui. Kinachoiua ni kujaa kila siku, tena kwenye joto.

Usiitoe betri ukatumia chaja peke yake kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya. Stima ikikatika kazi imekwenda, na ikirudi kwa kishindo hakuna kitu katikati. Chomeka kwenye kilinda-voltaji, kile cha kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kama cha friji.

Bisibisi_Ngara
Kwa wanaonunua betri ya kubadilisha, soma kibandiko kwa kikokotoo. Volti mara Ah (ampea-saa; 1000 mAh ni 1 Ah) lazima ilete Wh (wati-saa). 11.1 V mara 4.4 Ah ni 48.8 Wh, sawa. Ukiona 11.1 V, 4400 mAh, halafu 73 Wh, kuna mtu alichapisha bila kufikiri.

Kuna na ile ya "seli sita, 10,400 mAh". Seli sita za aina ya 18650, zile za duara ndefu, hupangwa tatu mfululizo, mbili sambamba; mAh huongezeka kwa zile za sambamba tu. Seli nzuri kabisa ya saizi hiyo ni kama 3500 mAh, basi mbili sambamba ni 7000. Hiyo 10,400 itoke wapi? Betri ya kweli ya seli sita mara nyingi ni 4400 au 5200. Isiyojigamba ndiyo ninayoiamini.

Otieno_Chaja
Kabla ya kulaumu betri angalia chaja. Dell nyingi zina pini nyembamba katikati ya plagi, nayo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Pini ikipinda au waya wake ukikatika kwa ndani, laptopu inawaka vizuri lakini betri haichaji, na inapowaka inaandika kwamba aina ya chaja haijulikani. Watu hubadilisha betri bure hapo. Jaribu chaja nyingine ya Dell yenye wati zilezile kwanza.

Volti lazima zilingane: Dell na HP nyingi 19.5, Lenovo nyingi 20. Ampea zikizidi si neno, zikipungua chaja inapata moto au mashine inachaji kwa kusitasita. Za USB-C, tafuta iliyoandikwa 20 V 3.25 A, yaani wati 65. Ile ya simu ya wati 18 haifiki 20 V, laptopu nyingi zitaikataa.

Wanjiku_Posta
Yangu inaruka kutoka 30 hadi kuzima. Betri imekufa?

Njeri_wa_Umeme
Huenda kipimo ndicho kimepotea. Ijaze hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili, chomoa, itumie mpaka ijizime yenyewe, iache saa tatu hivi, kisha ijaze tena bila kukatiza. Ikiacha kuruka, ilikuwa kipimo. Ikiendelea, kuna seli moja iliyochoka kuliko wenzake na hakuna programu ya kuifufua. Usilifanye hili kila wiki, linaila betri pia.

Ukienda ushago mwezi mzima ukaiacha, iache na asilimia 50 ikiwa imezimwa kabisa. Ikiachwa tupu, volti hushuka mpaka kinga ya ndani inajifunga.

Na kwenye begi ndani ya matatu, usiamini kufunga kifuniko tu. Mashine za siku hizi hulala jicho moja na hupata moto humo. Weka "Hibernate", yaani kuhifadhi kazi kisha kuzima kabisa, kwenye kufunga kifuniko. Isipoonekana, fungua cmd kama msimamizi, andika powercfg /h on.

Bisibisi_Ngara
Kibao cha kugusa kikiinuka, au laptopu ikiyumba mezani ilhali miguu yake yote ipo, betri imefura. Ni gesi imo ndani. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Itolewe na fundi, isitupwe kwenye taka za nyumbani. WEEE Centre, kituo cha taka za kielektroniki pale Utawala, Nairobi, hupokea.

Diski_na_Kanda
Sasa DVD, maana naona mmeisahau.

Kwa DVD za kuuzwa dunia iligawanywa maeneo sita, na diski ya eneo moja hufungiwa isicheze kwenye draivu ya eneo jingine. 1 ni Marekani na Kanada. 2 ni Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki na Korea Kusini. 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kilatini. 5 ni sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. 6 ni China. Namba iko nyuma ya kasha, ndani ya picha ndogo ya dunia. Iliyoandikwa 0 au "ALL" inacheza popote, na diski uliyochoma mwenyewe haina eneo.

Tangu mwaka 2000 draivu za kompyuta hubeba kufuli hilo zenyewe, na mtumiaji anaruhusiwa kubadilisha eneo mara tano tu. Ya tano ikiisha, inabaki hapo daima. Kuiona: bonyeza Windows na X pamoja, fungua "Device Manager", panua "DVD/CD-ROM drives", bofya draivu mara mbili, nenda "DVD Region". Chini utaona eneo la sasa na mara zilizobaki.

Laptopu ya Ex-UK mara nyingi iko kwenye 2. Kosa ninaloliona ni mtu kuweka diski ya India, Windows ikauliza, akabonyeza ndiyo. Kesho diski ya Uingereza, ndiyo tena. Wiki haijaisha imebaki moja. Amua diski zako nyingi ni za wapi, weka eneo hilo, uliache. Ukiwa na za sehemu mbili, nunua draivu ya nje ya USB uiweke kwenye eneo la pili. Hesabu iko ndani ya kila draivu, hazigusani.

Kijana_Rongai
Yangu haiulizi eneo, haichezi tu.

Diski_na_Kanda
Hilo si eneo. Tangu Windows 8 mfumo hauji na kichezeshi cha DVD. Weka VLC, programu ya kuchezesha video, ni bure. Usihangaike na PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za runinga, kompyuta inacheza zote mbili. Suala hilo ni la runinga na deki za zamani.

Wanjiku_Posta
Draivu ya nje inalia tik-tik halafu inapotea kwenye skrini?

Otieno_Chaja
Stima haitoshi. Tundu la USB 2.0 lina miliampea 500, la 3.0 lina 900, na mota ya draivu ikianza kuzunguka huvuta zaidi ya 500. Hamia tundu la buluu, ambalo kwa kawaida ni la 3.0, au tumia waya wenye vichwa viwili vya USB uchomeke vyote. Usiipitishe kwenye kigawanya-USB kisicho na chaja yake.